Kabla ya Pevingi, Tazama Chini

Siku hizi pevingi zimefika vijijini. Zamani tulizoea kuziona mjini, mbele ya benki na hoteli. Sasa tunaziona mbele ya zahanati, mbele ya ofisi ya kijiji, msikitini na kanisani. Watu wanazipenda, na wana haki kuzipenda. Pevingi zikipangwa vizuri, matope yanakwisha. Mama mjamzito hatelezi. Mzee mwenye mkongojo anatembea bila hofu. Mwenye kiti cha magurudumu anafika mlangoni bila kubebwa.

Lakini pevingi zikipangwa vibaya, huo ni mchango uliotupwa. Mvua za mwaka mmoja zinatosha kuziharibu. Matofali yanazama, mengine yanainuka, maji yanatuama katikati. Mgonjwa anajikwaa mahali ambapo zamani alikanyaga matope tu. Watu wanasema, "Pevingi hazifai." Sivyo. Kilichoharibika ni kazi ya chini, ambayo hakuna aliyeitazama.

Neno langu katika ukurasa huu ni moja. Kijiji kisikubali kulipia pevingi kabla watu hawajaona na kupima kilicho chini yake. Fedha ikiwa ndogo, tupunguze eneo. Tusipunguze kazi ya chini.

Nitaeleza kwa nini nasema hivyo. Soma polepole. Mahali penye hesabu, chukua kalamu uihakikishe mwenyewe.

Pevingi ni kitu gani?

Pevingi ni matofali madogo ya zege. Wenzetu wa Kenya huyaita kabro. Hupangwa juu ya mchanga, moja kando ya jingine, bila kujengewa kwa saruji. Tofali la kawaida lina urefu wa sentimita 20 na upana wa sentimita 10. Mengine yana meno au mapindo ubavuni, ili yaingiliane.

Unene ni jambo la kuangalia sana. Pahali pa watu kutembea tu, unene wa sentimita 6 unatosha. Pahali panapopita gari, tofali liwe na unene wa sentimita 8. Ukitazama kwa juu, matofali haya mawili yanafanana kabisa. Ukiyapima ubavuni ndipo utaona tofauti.

Kazi hii ina historia. Waholanzi walizoea tangu zamani kutandika mitaa yao kwa matofali ya udongo wa kuchoma. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, vilivyokwisha mwaka 1945, walikuwa na kazi kubwa ya kujenga upya miji yao, na matofali ya kuchoma hayakutosha. Wakaanza kutumia matofali ya zege. Katika miaka ya 1960 Wajerumani nao waliendeleza mashine za kuyatengeneza na maumbo ya kuingiliana. Kutoka huko kazi hii ilienea duniani.

Uholanzi ina sehemu nyingi zenye udongo laini unaozama. Mtaa ukizama, mafundi wao huinua matofali, huongeza mchanga, kisha huyarudisha matofali yale yale. Hii ndiyo sifa kubwa ya pevingi. Sakafu ya zege ikivunjika, unavunja na kumwaga nyingine. Pevingi zikizama, unazifungua na kuzipanga tena. Ukitaka kupitisha bomba la maji, unafungua, unachimba, unashindilia, unarudisha. Kwa kijiji chenye fedha ndogo, sifa hiyo ni kubwa kuliko uzuri wa rangi.

Matofali hushikanaje?

Wahenga walisema, kidole kimoja hakivunji chawa. Tofali moja la pevingi likiwa peke yake halina nguvu. Gurudumu likilikanyaga, linazama au linageuka. Nguvu yake hutoka kwa majirani zake.

Kati ya tofali na tofali kuna nafasi ndogo ya milimita 2 hadi 5. Nafasi hiyo hujazwa mchanga mwembamba, mkavu. Mchanga huo hukaza matofali. Gurudumu likikanyaga tofali moja, mzigo unagawanywa kwa matofali ya pembeni, nayo yanaugawa kwa mengine. Kwa hiyo ardhi ya chini haipokei mzigo wote mahali pamoja.

Ili jambo hili liwezekane, vitu vitatu lazima viwepo. Cha kwanza ni ardhi iliyoshindiliwa vizuri chini. Cha pili ni kingo imara pande zote. Cha tatu ni njia ya maji. Kimoja kikikosekana, matofali hayashikani tena. Yanabaki mawe yaliyowekwa juu ya mchanga.

Tuvitazame kimoja kimoja.

Kwanza: ardhi ya chini

Udongo wa juu wenye mizizi na majani ni mzuri kwa mahindi. Kwa pevingi haufai. Majani yanaoza, udongo unashuka. Lazima uondolewe wote.

Baada ya hapo, tazama udongo uliobaki. Udongo mwekundu wenye changarawe ni mgumu, hauna matata makubwa. Lakini udongo mweusi wa mbuga, ule wa kama Shinyanga, ni mwingine. Mkulima anaujua. Masika unavimba na kunata. Kiangazi unapasuka hata mguu unaingia. Ukipanga pevingi juu ya udongo huo bila kuuondoa na kuweka kifusi kizuri, pevingi zitapanda na kushuka kila mwaka. Hapo mwite mtaalamu wa halmashauri ya wilaya kabla ya kuchimba.

Juu ya udongo mgumu huwekwa moramu au changarawe, na hushindiliwa. Kama ni njia ya miguu, tabaka hilo liwe na sentimita 10 baada ya kushindiliwa. Kama gari dogo au gari la wagonjwa litapita, liwe na sentimita 15 au zaidi. Kama malori yenye mzigo yatapita, usikisie. Muulize mhandisi.

Moramu haimwagwi yote kwa mara moja. Humwagwa tabaka jembamba, kama sentimita 10, hunyunyizwa maji kidogo, hushindiliwa, ndipo tabaka la pili humwagwa. Kipimo cha maji ni rahisi. Chukua moramu mkononi uifinye. Ikishikana bila kutoa maji, iko tayari. Ikimomonyoka, ni kavu mno. Ikitoa maji, imezidi.

Je, utajuaje kama imeshindiliwa vya kutosha? Kanyaga kwa kisigino kwa nguvu zako zote. Kisha pitisha mkokoteni uliojaa mzigo. Kisigino kikiacha shimo au gurudumu likiacha mfereji, kazi bado.

Juu ya moramu huja mchanga wa mtoni, ulio safi, wenye chembe kali. Mchanga huu uwe na unene wa sentimita 3 kila mahali. Hapa ndipo mafundi wengi wavivu huficha makosa. Moramu ikiwa na mabonde, wao hujaza mchanga mwingi kwenye bonde ili juu paonekane sawa. Siku ya kukabidhi kazi panapendeza. Baada ya miezi michache mchanga mnene unashuka zaidi kuliko mwembamba, na lile bonde linatokea tena juu. Kwa hiyo mabonde yasawazishwe kwa moramu. Mchanga ni godoro tu. Godoro haliwezi kunyoosha kitanda kilichopinda.

Sasa jumlisha. Kwa eneo la gari la wagonjwa: moramu sentimita 15, mchanga sentimita 3, tofali sentimita 8. Jumla ni sentimita 26. Kwa njia ya miguu: 10 na 3 na 6. Jumla ni sentimita 19.

Iandike namba hiyo kwenye daftari lako. Kama juu ya pevingi patakuwa sawa na ardhi ya kando, shimo la gari la wagonjwa liwe na kina cha sentimita 26. Ukienda na futikamba ukakuta shimo ni sentimita 14, basi kuna kitu kitakachokosekana. Uliza mapema, kabla matofali hayajalifunika.

Pili: kingo

Mwanamke anayesuka mkeka anajua kwamba mkeka usio na pindo hufumuka. Pevingi nazo ni hivyo hivyo. Tofali la pembeni likiwa halina kitu cha kulizuia, gurudumu linalisukuma nje. Likisogea hata kidogo, la pili yake linalegea. Mchanga wa katikati unamwagika. Maji yanaingia. Moramu inalainika. Uharibifu unaanzia ukingoni na kutembea hadi katikati.

Kingo ni mawe marefu ya zege yaliyofukiwa ardhini na kushikwa kwa zege chini na nyuma. Huwekwa kwanza, kabla ya matofali. Udongo uliolundikwa pembeni si ukingo. Mvua ya kwanza itauchukua.

Mtindo wa kupanga nao una kazi yake. Mahali pa miguu unaweza kupanga kwa safu za kawaida, kama fundi anavyojenga ukuta. Mahali pa gari panga kwa mtindo wa mifupa ya samaki, unaofanana na msuko wa ukili. Gari likipiga breki au kukata kona, matofali husukumwa ubavuni. Katika mtindo huu hakuna mstari mrefu ulionyooka wa kuteleza, kwa hiyo matofali yanazuiana.

Kama eneo lina mteremko, anza kupanga kutoka chini kwenda juu, na kule chini weka ukingo imara zaidi. Mteremko ukiwa mkali, weka pia kingo za kukatiza katikati.

Tatu: njia ya maji

Maji hayana haya. Yakipata njia yatapita, yasipopata yatakaa, na yakikaa yatalainisha kila kitu. Sehemu ya maji ya mvua hupita kati ya matofali na kuingia chini. Nyingi zaidi lazima zitiririke juu na kuondoka.

Kwa hiyo weka mwinamo. Kila mita moja, pevingi zishuke sentimita 2. Kama uwanja una upana wa mita 6, upande wa chini uwe chini ya upande wa juu kwa sentimita 12. Mwinamo uelekee mbali na nyumba. Huko chini kuwe na mtaro unaopeleka maji mahali pasipoleta madhara. Usimpelekee jirani maji yako shambani.

Mwinamo huanza kwenye udongo wa chini, ukaendelea kwenye moramu. Fundi anayesema, "Nitaurekebisha kwa mchanga," anarudia kosa lile la godoro.

Nina neno pia kuhusu bomba la kijiji. Pale chini ya bomba, maji yanapomwagika asubuhi hadi jioni, pevingi hazifai. Maji yatafua mchanga wote. Hapo mwaga zege na mtaro wake. Pevingi zianze nje ya zege hilo, kwenye njia ya kufikia bomba.

Tupige hesabu

Tuseme kijiji kinataka kutandika uwanja wa mbele wa zahanati. Urefu ni mita 10, upana mita 6. Gari la wagonjwa litaingia.

Eneo: 10 mara 6 ni mita za mraba 60.

Matofali: mita moja ya mraba huchukua matofali 50. Basi 60 mara 50 ni matofali 3,000. Ongeza 5 katika kila 100 kwa yatakayovunjika au kukatwa. Hiyo ni 150. Jumla 3,150.

Mchanga wa kulalia: eneo la mita za mraba 60 kwa unene wa sentimita 3. Hiyo ni karibu mita za ujazo 1.8.

Moramu: eneo la mita za mraba 60 kwa sentimita 15. Hiyo ni mita za ujazo 9 zilizoshindiliwa. Moramu ya kwenye lori haijashindiliwa, kwa hiyo agiza kama mita za ujazo 11 au 12.

Uzito: tofali moja nene la sentimita 8 lina karibu kilo 3.7. Matofali 3,150 ni zaidi ya tani 11. Kumbuka gharama ya lori. Kijiji kilicho mbali na kiwanda huweza kulipa usafiri mwingi sana.

Sasa tazama hesabu hii kwa makini. Katika mkutano watu hupenda kuuliza swali moja tu: "Matofali mangapi?" Matofali yanahesabika, yanaonekana, yanapigwa picha. Hakuna anayeuliza, "Moramu lori ngapi? Kingo mita ngapi? Nani atashindilia?" Basi mtu akitaka kupunguza gharama, au akitaka kula fedha ya umma, hula pale pasipoulizwa. Hula chini.

Uwanja wetu wa mita 10 kwa 6 una mzunguko wa mita 32. Toa sehemu iliyogusa ukuta wa zahanati, kama ipo. Zilizobaki zote zinahitaji ukingo. Iandike namba hiyo kwenye mapatano.

Kuhusu kutengeneza matofali wenyewe

Vikundi vya vijana huuliza kama wanaweza kufyatua matofali haya kijijini. Kwa njia za miguu, naona wanaweza, wakipata mafunzo na wakawa waaminifu kwa saruji. Kwa mahali pa magari, naona ni heri kununua yaliyofyatuliwa kwa mashine ya kutetemesha na kukandamiza.

Anayefyatua akumbuke mambo mawili. Maji mengi katika zege hudhoofisha tofali, hata kama yanarahisisha kazi ya kumwaga. Na tofali lisikaushwe juani. Liwekwe kivulini, lifunikwe, limwagiwe maji siku 7 angalau. Lisikanyagwe na gari kabla ya siku 28. Saruji hupata nguvu kwa unyevu na muda.

Anayenunua naye asione aibu kuchagua. Chukua matofali mawili uyagonge. Yakilia kwa sauti kali, ni dalili njema. Kwaruza kona kwa msumari. Ikimomonyoka kama biskuti, rudisha. Pima unene wa matofali kumi, si moja. Yakiwa na unene tofauti, uwanja hautakuwa sawa.

Wanaopinga wanasemaje?

Wapo wanaosema pevingi ni anasa, afadhali fedha ikanunue dawa. Nawaheshimu. Zahanati isiyo na dawa haina haja ya uwanja mzuri. Lakini kama gari la wagonjwa linakwama matopeni mita 20 kutoka mlangoni, uwanja huo nao ni tiba. Kila kijiji kipime haja yake. Mimi napinga kutandika mbele ya ofisi ili wageni wasifu, huku kina mama wanateleza penye mlango wa kliniki.

Wapo wanaosema, "Fedha haitoshi kufanya yote hayo. Tupange tu, tutarekebisha baadaye." Hapa sikubaliani kabisa. Hiyo "baadaye" ina gharama ya kufungua, kuchimba na kupanga upya. Kama fedha ya mita 60 haitoshi kazi kamili, tandika mita 30 kikamilifu. Anza mlangoni. Weka ukingo mahali ulipoishia. Mwakani endelea. Pevingi zinaruhusu hivyo, kwa sababu zinaweza kuungwa bila kuvunjwa.

Wapo wanaosema, "Sisi ni wakulima, fundi ndiye anayejua." Fundi anajua kupanga, ni kweli. Lakini ni nani anayejua maji hupita wapi masika? Ni nani anayejua shimo la zamani lilifukiwa wapi? Ni mkulima anayeishi hapo. Fundi mwenye busara atakuuliza. Na fundi mwaminifu haogopi futikamba. Humpendeza, maana kazi yake ya chini, isiyoonekana, itashuhudiwa.

Tena wapo wanaosema kukagua ni kazi ya viongozi. Sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982 inasema kwamba mkutano mkuu wa kijiji ndio wenye mamlaka ya juu katika sera za mambo ya kijiji. Mkutano huo ni wewe na mimi na jirani zetu watu wazima. Unaweza kusimama na kuomba mapatano ya kazi yasomwe. Sasa unajua kusoma. Unaweza kuomba uyasome mwenyewe.

Ila barabara ya umma si ya kuchimbwa na kijiji bila ruhusa. Barabara za vijijini na mijini zinasimamiwa na TARURA, iliyoanzishwa mwaka 2017. Waulizeni kwanza.

Tulipe kwa hatua

Kwa hiyo napendekeza kila kijiji kiandike katika mapatano yake hatua tano za malipo.

1. Shimo limechimbwa, udongo wa majani umeondolewa, kina kimepimwa.

2. Moramu imeshindiliwa kwa tabaka, unene wake na mwinamo wake vimepimwa kwa uzi na pimamaji.

3. Kingo zimewekwa na zege lake limekauka.

4. Matofali yamepangwa, yameshindiliwa, mchanga umefagiliwa katikati mpaka nafasi zote zimejaa. Kisha maji yamemwagwa kwa ndoo mahali mbalimbali, na hayakutuama.

5. Masika yamepita. Kamati imerudi kukagua. Sehemu ya fedha iliyobakizwa italipwa hapo, kama hakuna palipozama.

Kila hatua wakague watu watatu au wanne, wanawake na wanaume, na wote watie saini. Asiwepo anayetia saini ya kitu asichokiona. Matofali yasianze kupangwa kabla ya saini ya hatua ya pili na ya tatu. Matofali yakishafunika moramu, hakuna atakayejua kilichomo, isipokuwa mvua.

Kazi yenyewe isitoke kijijini yote. Kuchimba, kubeba, kushindilia na kupanga ni kazi ambayo watu wa hapa wanaweza kujifunza kwa fundi mmoja mzuri. Walipwe. Wakiishajifunza, siku tofali likizama hawatasubiri mtu wa mjini. Wataliinua wenyewe.

Baada ya kazi

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kila mwisho wa masika, mtu mmoja apite akitazama. Mahali ambapo mchanga wa katikati umetoka, afagilie mwingine mkavu. Majani yakiota, yang'olewe yangali madogo. Ukingo uliolegea ukazwe. Mtaro uzibuliwe. Palipozama, matofali yainuliwe siku hiyo hiyo, moramu iongezwe na kushindiliwa, matofali yarudishwe. Kazi ya nusu siku leo yaweza kuokoa uwanja wote. Wekeni akiba ya matofali 50 stoo, pamoja na ndoo kadhaa za mchanga.

Ndugu msomaji, nyumba njema si mlango. Nakushauri, mkutano ujao wa kijiji ukitangaza habari ya pevingi, usiulize kwanza rangi, wala idadi ya matofali. Uliza kina cha shimo. Uliza kingo. Uliza maji yatakwenda wapi. Wakikujibu vizuri, changa fedha yako bila wasiwasi. Wasipokujibu, fedha yako na ikae mfukoni mpaka watakapojibu.

Maswali ya kujadili darasani

1. Katika kijiji chenu, ni mahali gani panapostahili pevingi kwanza? Kwa nini?

2. Udongo wa mahali hapo ni wa namna gani? Masika maji hupita wapi?

3. Njia ya miguu ina urefu wa mita 25 na upana wa mita 2. Tafuta: mita za mraba ni ngapi? Matofali mangapi? Shimo liwe na kina gani? Ukingo wa pande zote mbili ndefu ni mita ngapi?

4. Kama fedha inatosha nusu tu ya kazi hiyo, kijiji kifanye nini?

5. Andikeni barua fupi kwa Halmashauri ya Kijiji, mkiomba mapatano ya kazi yasomwe mbele ya mkutano mkuu.